Kocha Msaidizi Avua Viatu

Jumatatu ya tarehe tatu Juni ndiyo siku wakubwa wa chuo walipompa kijana mwenye vyeti ukocha mkuu wa gofu. Mzee Shekiondo, msaidizi kwa miaka kumi na tisa, wakamwambia aendelee kubeba mifuko ya fimbo. Cheo wabaki nacho, alijisemea. Yeye alitaka kuulizwa tu.

Jumamosi, kwenye mashindano, Mwanaidi, mchezaji wa chuo, alibakiza pigo moja la kuamua kombe. Kocha mpya akachungulia kipimo chake cha mteremko.

"Piga moja kwa moja."

Shekiondo akavua viatu, kisha soksi zenye viraka vya mkono wa marehemu mkewe, akazikunja taratibu na kuzitia mfukoni. Akatembea peku kandokando ya njia ya mpira.

"Mzee, unataka kutawadha?" mkuu wa chuo akatania. Watu wakacheka.

"Namsalimia mwenye nyumba, mheshimiwa. Nyie mmezoea mazulia."

Umande ukamtekenya vidole, akatabasamu. Ardhi ilikuwa imelalia kushoto, kidogo tu.

Mwanaidi akauinamia mpira. Bila kumtazama yeyote, akauliza, "Kocha Shekiondo, nielekeze wapi?"