Jiwe la Gurudumu

Tukiwa katikati ya kilima, lori la marehemu baba lilianza kufuka moshi kwenye boneti.

"Zima, ushuke!" mke wangu alifoka, keshajirusha nje.

"Nikiinua mguu linarudi nyuma! Weka jiwe!" Breki ya mkono ilikufa zamani, siku zote yeye ndiye huweka jiwe nyuma ya gurudumu.

"Si umelisahau nyumbani, baba watoto!"

Kwenye kioo niliwaona wanafunzi wakipanda kilima nyuma yetu. Nikazidi kukanyaga breki. Moshi ukawa mweusi, joto likanifikia nyayoni.

Nikamsikia akiburuta kitu kizito kutoka kwenye mizigo yetu nyuma ya lori. Ilikuwa cherehani yake ya chuma, iliyotulisha miaka kumi.

Akaisukumiza nyuma ya gurudumu.

"Haya, achia breki."