Umande wa Mama

Maji yakimwagika huzoleka. Ndivyo wanavyofundishwa watoto wa Chilonwa siku hizi. Mvuke wa chungu, unyevu wa nguo mbichi, hata pumzi ya mgonjwa, vyote hupanda hadi kwenye bati baridi la dari, vikageuka matone na kutiririka bombani mpaka tangi la mji. Ndiyo maana ni marufuku kufungua dirisha.

Asubuhi hiyo Lechipya, balozi wa nyumba kumi, alipapasa bati la Matika, akalikuta limekauka kau.

"Binti yangu, mvuke wa jana umekwenda wapi?"

"Umetoka kutembea, baba."

Balozi hakucheka. Alichungulia nje. Kando ya nyumba, chini ya dirisha, kaburi la mama yake Matika lilikuwa limelowa umande, na nyasi chache zilikuwa zimechipua juu yake. Kwingine kote ardhi ilikuwa kavu kama kigae. Marehemu alikufa akitamani kukanyaga umande, japo mara moja tu.

Balozi alitoka, akainama, akagusa jani moja na kukilamba kidole. Kisha akaikumbuka kazi yake.

"Omba radhi, niandike, yaishe. La sivyo bomba lako linafungwa siku saba. Utakunywa nini?"

Matika alimeza mate. Yalikuwa machache.

"Andika kwamba dirisha nililifungua kwa mkono wangu," alisema, "na jioni nitalifungua tena. Radhi siombi."