Mzunguko Mmoja Tu

Yule mwanamume alikaa kwenye benchi bila hata kusalimia, akatoa simu na kuanza kucheza karata.

Mama fundi wa cherehani alimtupia jicho baya. Mbele yao kulikuwa na mlango wa chumba cha upasuaji, na nyuma ya mlango huo alikuwemo kitinda mimba wake, fundi umeme wa miaka ishirini na sita, aliyeteleza asubuhi hiyo juu ya ngazi akaangukia kichwa kwenye sakafu ya saruji. Nyumbani walimwita Shoti, kwa sababu utotoni aliwahi kuchomeka kijiko kwenye soketi, akaitia nyumba nzima giza, kisha akacheka.

Taarifa ilimkuta mama dukani, anamkatia mteja gauni. Alitoka mbio na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Sasa ilikuwa saa nane mchana, na hakuna aliyetoka kumwambia neno. Alikuwa ameomba mpaka maneno yakamwishia, akabaki anarudia moja tu: usimchukue, usimchukue.

Simu ya jirani yake ikalia kikengele cha furaha.

"Baba, hapa watu tuna wagonjwa," alisema kwa ukali.

"Samahani, mama." Alizima sauti, lakini hakuacha kucheza. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekunjamana kama za mtu aliyeshinda akifua.

"Na wewe una mtu humo ndani?"

"Ninaye. Niko naye tangu asubuhi."

Hasira zikamwisha palepale. Kumbe ni mwenzake.

"Wamekwambia nini?"

Mwanamume hakuinua macho. Alimgeuzia kioo cha simu.

"Unaujua mchezo huu, mama? Unaitwa poka. Sogea nikuoneshe."

Angeweza kukataa. Lakini kuutazama ule mlango kulikuwa kunammaliza, akasogea.

"Unapewa karata tano," mwanamume alimweleza taratibu. "Unazozipenda unazishika, nyingine unazitupa. Unaletewa mpya badala yake, basi. Hakuna pesa, ni pointi tu."

"Mtu mzima kama wewe unapata raha gani hapo?"

Alifikiri kidogo. "Ukikosea, haidhuru. Unabonyeza, unapewa nyingine tano, kama vile hujawahi kukosea. Kazini kwangu hakuna kitu kama hicho."

"Hata kwangu hakuna. Mkasi ukishapita umepita." Mama fundi aliigusa ile futi shingoni. "Lete."

Mara ya kwanza aligoma kutupa karata hata moja. "Mimi huwa situpi hata kipande cha kitambaa," alisema, na yule mwanamume akatabasamu kidogo. Mara ya pili alitupa zote tano kwa woga, kama anayemwaga maji ya moto. Mara ya tatu alianza kubishana na mashine. Huyu malkia ananifuata wa nini? Mbona unaniletea takataka? Kwa dakika kadhaa hakuisikia harufu ya dawa wala magurudumu ya vitanda. Zilikuwepo karata tano tu, na uamuzi wa nini kibaki, nini kiende. Uamuzi huo ulikuwa wake. Siku nzima hakuna mtu aliyemwachia kuamua chochote.

Mlango ulifunguka kidogo. Muuguzi kijana alichungulia, akamtazama mwanamume. Mwanamume akatikisa kichwa. Mlango ukafungwa.

"Wanakuita?" mama aliuliza. "Nenda, baba, usije ukakosa habari za mgonjwa wako kwa ajili yangu."

"Bado. Tumalize hii kwanza." Akamsogezea simu. "Mzunguko mmoja tu, mama. Tafadhali."

Alimwonea huruma. Kuna watu, alifikiri, wakibanwa na hofu hushika chochote kilicho karibu. Akaipokea simu.

Zilikuja saba mbili, na nyingine tatu zisizo na maana. Alizishika saba, akazitupa zile tatu, akabonyeza huku amefumba jicho moja.

Saba. Nyingine ni tisa. Halafu saba tena.

"Saba nne!" Mama fundi aliruka, akacheka kwa sauti katikati ya ule ukumbi, kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Mungu anisamehe! Umeona? Umeona, baba? Shoti hataniamini. Nikimsimulia atasema mama umeanza kuchanganyikiwa." Machozi yalimtiririka, lakini alikuwa bado anacheka. "Hii ni dalili njema. Nakwambia, hii ni dalili njema kwetu sote wawili!"

Mwanamume aliichukua simu, akailaza kifudifudi juu ya goti.

Muuguzi alitoka, safari hii akiwa na mfuko wa plastiki. Ndani yake zilionekana buti za kazi, mkanda wa bisibisi na koleo, na shati lililokunjwa vizuri. Alimnyooshea mama fundi mfuko huo kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

Mama hakuupokea. "Hapana, binti yangu, hivyo viwekeni karibu na kitanda chake," alisema, bado anafuta machozi ya kicheko. "Akiamka tu atavitafuta, namjua."

Muuguzi aliganda na mfuko mikononi. Polepole akamgeukia yule mwanamume aliyekaa kwenye benchi.

"Daktari," alisema, "kumbe bado hujamwambia?"