Kaburi la Baharia wa Kaisari

Kifungo cha kwanza kilitoka saa tatu na nusu asubuhi, pamoja na udongo wa beleshi la Wesonga. Mwalimu Wakhisi alikitemea mate, akakisugua kwa kitambaa, akakiinua juani.

"Nanga," alisema kwa furaha. "Na taji juu yake. Hii ni jeshi la maji la Kaisari wa Ujerumani. Hakuna ubishi hapa."

Seline alishika bega la mama mkwe wake. Bibi Rachael, kipofu wa miaka tisini na ushei, alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa shimo.

"Wamepata nini, nyathina, mwanangu?" aliuliza. Seline alimwambia ni kifungo cha nguo.

Boma lote lilitegemea kaburi hili. Hati ya shamba hawakuwahi kuwa nayo. Lakini huku Usenge, kando ya ziwa, ukitaka kujua shamba ni la nani, uliza ni nani amezikwa pale. Seline, mjane, aliiambia mahakama hivyo hivyo: hapa amelala Oluoch, babu ya mume wangu, kwa hivyo hapa ni kwetu. Robinson, aliyetaka kujenga hoteli ufukweni, akaja na hadithi yake. Kwamba kaburi ni la baharia Mjerumani aliyekufa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na aliyemzika ni babu yake Robinson, katika shamba lake mwenyewe. Hakimu akaamuru kaburi lifukuliwe. Aliyemo ndani ndiye angekata kesi.

Hakuna mtu wa Usenge aliyekubali kugusa kaburi la watu. Wachimbaji, Wesonga na Naswa, ilibidi watolewe Kaloleni, Kisumu, wakaja gari moja na daktari wa serikali. Mwalimu Wakhisi naye alitoka huko huko. Alikuwa amestaafu kufundisha historia, na kwa miaka thelathini alizisoma manowari za Kaisari kama wenzake wanavyosoma Biblia. Robinson hakusumbuka kumbembeleza. Alimtajia tu baharia, na mwalimu akatafuta kofia yake.

Na mdomo haukumkauka. "Manowari yao, Königsberg, ilizama Rufiji, kule Tanganyika, mwaka wa kumi na tano," alimweleza daktari, ambaye hakuwa amemuuliza. "Lakini mizinga waling'oa, wakakokota kwa nchi kavu. Mabaharia wakageuka askari wa miguu. Wengine walisukumwa mpaka kwa hili ziwa letu! Na huko Ulaya je? Vita imeisha, meli zao zimezuiliwa Scotland, zinangoja kugawanywa. Siku moja tu, mabaharia wenyewe wakafungulia maji. Zaidi ya hamsini zikaenda chini. Afadhali izame kuliko adui achukue!"

Seline aliwaonea wivu watu hao. Wao walau walikuwa na kitu cha kuzamisha.

Kufikia saa tano vifungo vilikuwa vinane, pamoja na vipande vya kitambaa kizito cha buluu. Kisha ikaja mifupa. Daktari aliinama juu yake na kuisemea simu yake: "Mwanamume. Mtu mzima. Mrefu. Meno pungufu. Hakuna dalili ya risasi." Halafu akaanza kujaza fomu.

Robinson alisogea, kofia mkononi. "Pole sana, Mama. Mimi sina ubaya na wewe. Kaa tu mpaka uvune mahindi yako."

Heri angemtukana. Mtu akikutukana unapata pa kushika. Seline aliangalia kaburi la pili, la Joram, mumewe, ambalo saruji yake ilikuwa bado mpya. Wageni wa hoteli wangekuja kuweka viti vyao hapo na kunywa soda. Na yeye, kila Krismasi tangu aolewe, alikuwa amelifagia kaburi hili lililofukuliwa na kulipaka chokaa, kumbe alikuwa akimfagilia mzungu wa watu. Aliona aibu, akaona hasira, na yote mawili hayakuwa na pa kwenda. La kuvunda halina ubani.

"Mama," alimnong'oneza Rachael, "wanasema ni mzungu."

Bibi kizee aligeuza uso kuelekea shimoni. "Mzee wangu aliniambia huyu ni baba yake. Alichukuliwa kubeba mizigo ya wazungu kwa vita, akarudi na kikohozi, akakufa mwaka huo huo. Sasa mzee wangu alinidanganya?"

"Sijui, Mama."

"Basi nipeni nimshike. Kama ni mgeni, tumemsumbua bure. Hata mgeni anaombwa msamaha."

Daktari alisita, akamtazama Robinson, na Robinson akakubali kwa kichwa; aliyekwisha kushinda hakosi ukarimu. Daktari akatandika leso mapajani mwa Rachael, akaliweka fuvu hapo, na taya lake kando. Mwalimu Wakhisi akavua kofia.

"Shika polepole, Mama. Huyo alitoka mbali sana."

Vidole vya Rachael vilipita kwenye paji la uso, vikashuka kwenye mashimo ya macho, vikatulia mashavuni. Alikuwa akisema kitu kwa Kijaluo, chini chini, maneno ya kuomba radhi. Kisha akalishika taya. Vidole vikatembea, vikasimama, vikarudi vilikotoka, vikaanza upya, na midomo yake ikawa inahesabu.

Akainua uso kuelekea ilikokuwa sauti ya mwalimu.

"Mwalimu, wewe umesoma hawa watu miaka mingi. Hebu niambie. Wajerumani pia walikuwa wanang'oa vijana wao meno sita ya chini, kama sisi Wajaluo?"