Insha ya Siwema

"Tisini na nane, Mama!"

Siwema aliingia mbio, insha yake ya Kiingereza ikipepea mkononi. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mwanangu wa kidato cha tatu!

Siku hizi ukiandika kumbukumbu kwenye insha, inakutoka na kumwingia anayeisoma. Ndiyo maana wenzake huandika vitu vidogo, mvua au mbuzi wa jirani, na hamsini zinawatosha.

"Mwalimu ameisoma mpaka akalia!" alisema akirukaruka.

"Uliandika nini?" nikamuuliza.

"Sasa nitakumbukaje, Mama?" Akacheka, akaketi.

Mama yangu, aliyemlea tangu ananyonya, akatoka jikoni na sahani ya vitumbua kumpongeza. Siwema akainuka haraka, kwa adabu, akamsogezea kiti.

"Shikamoo. Karibu ukae, mgeni."