Kura ya Mtu Baki

Mashine ya kupumulia ya Bi Mwanakombo ilizimika nyumba ikiwa imejaa wahandisi, na hakuna aliyeweza kuifungua. Siku hizi kifaa hakifunguki mpaka mhandisi wa jukwaa la mtandaoni la vifaa vya tiba, asiye ndugu wa mgonjwa akipigie kura. Sharti hilo aliliweka mwanawe, Shaali, alipojenga jukwaa, watu wasije wakasema anapendelea kwao. Humu ndani wote ni ndugu. Huko jukwaani wageni wangali wanabishana, hakuna aliyepiga kura.

"Niache," mkewe Rukia, naye mhandisi wa jukwaani, akasema. "Nikiwa mtu baki nitapiga kura."

"Mbele ya shangazi zangu?"

"Watapata la kusema mwaka mzima. Mama anakata roho, Shaali."

Shaali akaisajili talaka jukwaani. Rukia akapiga kura, mashine ikafunguka, Shaali akaunga waya uliokatika.

Bi Mwanakombo akavuta pumzi. "Mkwe wangu yuko wapi?"

Shangazi wakageuka. Rukia alikuwa mlangoni, akivaa viatu.