Ufito Mweusi wa Jumapili

Ijumaa mchana, Purvis akiwa ameenda kutia boti mafuta, mkewe Lorene Tidmore aliketi nyuma ya duka lao la vifaa vya uvuvi akighushi ufito wa kuvulia. Ulikuwa ufito laini, wa kupinda hadi katikati. Aliupaka rangi nyeusi, akazungushia uzi mwekundu kwenye kila pete, akauvisha mpini wa zamani wenye alama za meno ya mbwa. Alipomaliza, ulifanana na ule ufito mgumu wa mumewe kama pacha. Ule mgumu, uliobaki bila mpini, akausukuma nyuma ya friji la nyungunyungu.

Si kwamba Purvis hakujua fito. Mji mzima wa Scottsboro ulikuja kumwuliza, naye alijibu bila kuinua macho.

"Chambo chenye visahani vya kuzunguka kina ndoana moja nene. Kinataka ufito mgumu kidogo, uizamishe ndoana. Chura wa mpira, wa kuburuta juu ya majani, anataka ufito mgumu kuliko zote. Lakini hiki cha mbao kinachopiga mbizi na kutikisika, chenye vindoana vidogo, kipe ufito laini. Samaki aina ya besi akidaka, ufito uiname kwanza, naye apate nafasi ya kufunga mdomo. Ukiwa mgumu, unamnyang'anya chambo."

Watu walisikiliza, wakanunua, wakaenda kushinda.

Yeye mwenyewe, kila Oktoba, Jumamosi ya mashindano ya uvuvi alivua kwa maneno yake hayohayo na kumaliza siku akiongoza. Jumapili, siku ya mwisho, alichukua ule mweusi mgumu, akafunga chambo cha kupiga mbizi, na besi wakamchomoka mmoja baada ya mwingine.

Sheria za mashindano zilitungwa na watu wasioaminiana. Wa kwanza, kabla hajapewa funguo za boti mpya ya zawadi, hufungwa nyaya mwilini na kuhojiwa kwa mashine ya kupima uongo. Wa pili hupewa kibao chenye picha ya samaki, akaenda zake. Purvis alikuwa na vibao kumi na kimoja. Lorene alivitundika kwenye ujia wa kwenda chooni.

"Kinyozi hajinyoi," alisema Hoyt Grissom, ambaye alikuwa na kiti chake pale dukani ingawa hakuwa amenunua kitu tangu Pasaka. "Huyu wako, shemeji, anajinyoa, tena anajikata koo."

"Ni mazoea," Purvis alisema. "Ule mweusi nilikuja nao mjini."

Ni kweli alikuja nao, miaka kumi na tisa iliyopita, yeye na begi moja, bila ndugu hata wa kumtumia kadi ya Krismasi. Lorene alimpenda hivyohivyo. Alichokiona ni mtu aliyezoea kukosa mpaka anaogopa kupata. Mtu wa namna hiyo, aliamini, akishinda mara moja tu atapona. Na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuitwa mke wa Bwana Wa Pili.

Jumapili jioni, kwa samaki wa Purvis, mizani ilisoma ratili ishirini na tatu. Hakuna aliyemkaribia.

Hoyt, ambaye kura ilimpanga boti moja na Purvis, ndiye aliyesimulia. "Alipotupa mara ya kwanza akautazama ule ufito kama umemng'ata. Mara besi akadaka. Nikamwambia, kaza, mzee. Yeye akalegeza mshipi. Akalegeza, shemeji, kama anamwambia samaki kwaheri. Samaki bado yumo. Nikachukua wavu mwenyewe nikamtia ndani. Wote watano hivyohivyo. Mkono wangu wa wavu unauma."

Mpiga picha wa gazeti alisogea. Purvis alivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akamshika Lorene kiwiko na kumpeleka kando ya mizani.

"Nikiikataa boti, itakuwaje?"

"Uikatae kwa nini?"

"Hii yetu bado inaelea."

"Watasema umewashindilia samaki vipande vya risasi tumboni ili wawe wazito," Lorene alisema. "Halafu ni mimi nitakayekaa dukani nikiwasikiliza. Kwani umeiba?"

"Sijaiba samaki."

"Basi nenda kakae kwenye kile kiti cha mashine, Purvis. Mara moja tu katika maisha yako."

Alimtazama kitambo, kama mtu anayetazama nyumba kabla ya kufunga safari.

"Ule ufito ni kazi yako?"

"Ni kazi yangu."

"Umeufunga vizuri," akasema, akaenda.

Mashine ilikuwa katika ofisi ya gati, na mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Mwendeshaji wake alikuwa Bwana Gaither, askari mstaafu, mpole, mwenye mkate wa soseji ulioliwa nusu kando ya karatasi. Alimfunga Purvis nyaya vidoleni na mkanda kifuani. Lorene na Hoyt walisimama kizingitini.

"Usiwe na wasiwasi," Gaither alisema. "Ya samaki yanakuja baadaye. Naanza na maswali mepesi, nione kalamu inavyokwenda mtu akisema kweli. Leo ni Jumapili?"

"Ndiyo."

Kalamu ilitambaa taratibu, bila kupanda wala kushuka.

"Tuko Alabama?"

"Ndiyo."

Kalamu ikaendelea kutambaa. Hoyt akapiga mwayo.

"Jina lako ni Purvis Tidmore?"

Purvis aligeuza kichwa akamtazama mkewe, si Gaither.

"Ndiyo."

Kalamu iliruka mpaka ukingoni mwa karatasi. Gaither akaigonga mashine kwa kidole, akauma mkate wake, akauliza tena. Ikaruka tena.